Watoto wa Mzee wa Kigae

14 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale masikio yameamua kurudi kazini. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanionea. Dirisha la chumba changu halifungi vizuri, nimeliziba kwa magazeti, na upepo ukivuma utadhani kuna mtu anafungua kurasa kutafuta habari za michezo. Bado niko maktabani mchana, na jioni nasoma. Mama vipi? Najua hapendi kunisikia nikitajwa, kwa hiyo usimwambie nimeuliza. Niambie tu kama magoti yanamruhusu kupanda ngazi.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Unakumbuka kile kitabu cha kale cha Waebrania alichokipenda baba kuliko vyote, cha yule mtu mwema aliyepoteza mifugo yake, akafiwa na watoto wake kumi siku moja, akaota majipu mwili mzima, akakaa majivuni akijikuna kwa kigae? Baba alimwita Mzee wa Kigae, utadhani ni jirani yetu wa ukuta wa pili. Basi mwaka huu natakiwa nimalize kuandika juu ya jambo moja: kitabu hicho kiliandikwa na nani. Jina la mwandishi hakuna alijuaye. Ila ukikisoma kwa lugha yake unaona mikono zaidi ya mmoja. Mwanzo na mwisho ni hadithi ya kusimuliwa tu, nyepesi. Katikati yote ni shairi, tena lenye maneno magumu ambayo mengine hayaonekani popote pengine. Mwanzoni yule mtu ni mpole, anapokea kila pigo. Katikati anafoka na kumtaka Mungu waende mahakamani. Halafu mwishoni, ghafla, mambo yanatengemaa: mifugo maradufu, watoto wengine kumi, maisha marefu, basi.

Mwisho huo ndio ninaotaka kuthibitisha kwamba ulipachikwa na mtu mwingine. Mwalimu wangu, mzee mkali anayevaa koti lile lile tangu nimfahamu, anasema kuuchukia mwisho si ushahidi. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeshona vitabu miaka arobaini: ukiletewa kitabu, unajuaje kwamba kurasa fulani ziliongezwa baadaye?

Nakuuliza kwa sababu nyingine pia, na wewe unaijua. Baba alianza kuniandikia maelezo yake ya kitabu hicho mwezi ule ule tuliomzika mwanangu, nami nikahamia huku. Wewe ukalishona lile daftari, ukanitumia huku. Nililisoma kwa kiu mpaka nikafika kurasa za mwisho, pale anaponiambia nisilie sana kwa kuwa nitapata wengine, na hao watanisahaulisha. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitano, Mjomba, na anayesema hivyo ni babu yake. Nililifunga daftari na sijalifungua tena. Huu ni mwaka wa nne.

Nisalimie karakana yako yote, pamoja na ile mashine ya kubania vitabu inayokula vidole vyako.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa, kwa hiyo usiilaumu posta. Masikio yangu yameshastaafu na hayakuniaga. Watu wakinipigia simu sisikii, nawaona tu baadaye wamenuna kwa mbali, ndiyo maana nakushukuru wewe unayeandika. Mama yako anapanda ngazi kwa awamu. Akifika katikati anasimama na kujifanya anatazama maua ya jirani, wakati jirani aliyang'oa maua yake mwaka juzi. Hajaniuliza nimepata barua kutoka kwa nani. Ila bahasha niliiacha mezani, na nilipoingia tena nikaikuta imegeuzwa.

Umeniuliza habari za kazi, na unajua mimi nikiulizwa habari za kazi sina breki. Kitu cha kwanza ni uzi. Kitabu hakishonwi karatasi moja moja. Zinakunjwa, zinapangwa kwa mafungu madogo, kila fungu linashonwa kwenye jingine. Mshonaji ana uzi wake. Wangu ni wa kahawia, na naupaka nta mwenyewe. Fungu likiwa na uzi mwingine, jua kuna mgeni. Halafu angalia matundu, kwa kuwa sindano ya pili haipiti kamwe palipopita ile ya kwanza. Angalia na kingo: kurasa zilizokatwa pamoja huchakaa pamoja, iliyoongezwa baadaye hujitokeza kidogo au hubaki safi. Na mwisho pitisha kidole nyuma ya karatasi. Kila mkono una uzito wake; kuna wanaoandika na kuna wanaochimba.

Hayo ni ya karakanani lakini. Kitabu cha maelfu ya miaka kimenakiliwa na watu wangapi, utautafuta uzi gani hapo? Mimi ningekuwa wewe ningeuacha mwisho ulivyo. Mtu anayesoma kitabu cha msiba anahitaji mahali pa kushukia, huwezi kumwacha juu. Huyo mwalimu wako mwenye koti moja amesema kweli.

Gundi yangu iko jikoni na inaanza kunuka, niruhusu nikaikoroge.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kupata mkono wako, na nimecheka peke yangu kwa ajili ya yale maua. Mimi mzima. Maktabani wametuhamishia chumba cha chini ambako taa zinawaka mchana kutwa, na msimamizi wetu ameleta mmea wa plastiki ili tujisikie vizuri. Anaumwagilia maji, nimemwona kwa macho yangu.

Somo lako la uzi nimelisoma mbele ya mwalimu, akavua miwani, kwake hiyo ni pongezi. Nami nimekuwa nikipapasa matundu ya sindano katika kitabu changu. Kuna kijana mmoja anayezuka katikati na kuwahutubia wote kwa sura kadhaa, lakini marafiki walipofika hakuhesabiwa, na Mungu anapowakemea mwishoni yeye hatajwi. Kama vile amepita mlango wa uani. Kuna yule mshitaki wa mbinguni aliyeanzisha balaa lote, naye hakuna anayemwuliza kitu. Na yuko mke. Hao watoto kumi ni yeye aliyewazaa. Amepewa mstari mmoja tu, wa uchungu, kisha hasikiki tena mpaka kitabu kinaisha. Siku hizi namfikiria yeye kuliko mumewe.

Marafiki ndio wanaonikera. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya. Walipofungua midomo wakaanza kumfariji, wakaharibu. Na cha ajabu, Mungu mwishoni anasema kwamba waliomtetea Yeye wamesema uongo, na aliyemfokea ndiye aliyesema kweli.

Sasa, Mjomba, nimesoma barua yako mara tatu, na juu ya daftari la baba hukusema hata neno. Unajua sikuja kumzika. Watu wa huko wanasema sina moyo, na mama anaamini hivyo. Ukweli ni kwamba taarifa ilipofika bado nilikuwa na kurasa zile kichwani, na nikaona siwezi kusimama juu ya kaburi la mtu aliyeniambia mwanangu atasahauliwa. Aliyenifundisha kufikiri ni yeye! Nilipokuwa mdogo, nikimuuliza jambo gumu hakunijibu. Alichukua karatasi, akaandika swali kwa nje, jibu akaliandika ndani, akaikunja na kunipa. Sikuruhusiwa kuikunjua mpaka niwe nimehangaika nalo siku nzima. Mtu wa namna hiyo anawezaje kumaliza na maneno mepesi kiasi kile?

Nataka unijibu hili moja. Alipoandika kurasa zile alikuwa katika hali gani? Na je, alimtaja mwanangu?

Mpwa wako

19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua imetuandama. Bati la karakana linavuja mahali pawili na nimeweka ndoo mbili, moja inalia juu, nyingine chini, mimi sisikii ila wateja wanasema ni muziki. Mama yako alishikwa na mafua, sasa ameanza kunigombeza tena, maana yake amepona. Katika kifurushi hiki mna soksi. Aliyezifuma ameniagiza niseme nimezinunua dukani, kwa hiyo nimezinunua dukani.

Habari za huyo uliyemwulizia siwezi kuzieleza kwa haraka. Alikuwa mgonjwa. Mtu mgonjwa ni mgonjwa.

Ila nitakutetea mtu mwingine, huyo unayemtafuta wewe, aliyeongeza mwisho. Unamwandika kama mwizi. Labda aliletewa kitabu kinachoishia majivuni, na mbele yake yuko mtu analia, anangoja kukisoma. Angefanyaje? Hujawahi kumkabidhi kitabu kisicho na mwisho mtu anayelia, wewe. Mimi katika maisha yangu sijatoa karakanani kitabu ambacho hakijaisha.

Vaa soksi.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Soksi zimenitosha, mshukuru mwenye duka.

Jumapili nililitoa daftari la baba chini ya nguo, nikaliweka mezani, na barua yako ya Machi kando yake. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Mafungu saba yameshonwa kwa uzi wa kahawia wenye nta. La nane lina uzi mweupe. Matundu yake hayakutani na mengine. Nikapitisha kidole nyuma ya karatasi: kote baba amechimba, unaweza kumsoma na taa zimezimwa. Katika kurasa sita za mwisho karatasi ni laini kama haikuguswa. Mwandiko ni kama wake. Umeigwa na mtu aliyemtazama miaka mingi akiandika.

Nani ameandika kurasa sita za mwisho?

Mpwa wako

3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta wanasema hakuna barua iliyopotea. Ninayo hofu kwamba unaumwa, na hofu nyingine kwamba huumwi.

Mpwa wako

11 Agosti

Mwanangu,

Siumwi. Mama yako naye ni mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi, karatasi zake nimezitumia kufutia gundi. Leo nimefunga mlango wa karakana, nimeweka kibao cha kuwaambia wateja nimetoka, na niko ndani.

Ni mimi.

Sasa nikueleze, na usinikatishe, ingawa najua huwezi. Baba yako aliandika kila siku asubuhi, amekaa kwenye kiti cha karakana yangu, kile chenye mguu mfupi, kwa sababu nyumbani dada yangu alikuwa analia na yeye hakuweza kuandika mtu akilia. Ukimtoa yule mtoto wako, hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho kwa raha. Unakumbuka alivyokuwa akiokota vipande vya karatasi ninavyokata, anavisokomeza kwenye mfuko wa shati la babu yake? Shati hilo shemeji alilivaa mpaka mwisho na hakuruhusu lifuliwe. Akiwa anaandika alikuwa akiingiza vidole mfukoni, anavichezea vile vipande, kisha anaendelea. Umeniuliza kama alimtaja. Alimtaja kila siku.

Wiki za mwisho mkono ukaanza kutetemeka, akaacha kalamu akashika penseli. Siku tatu hakuandika kitu. Ya nne akanipa karatasi moja, akaniambia hiyo ndiyo ya mwisho, ishone umpelekee. Kisha akapelekwa kulazwa. Nikaitazama ile karatasi. Mwanangu, ilikuwa hesabu ya mifugo. Kondoo elfu saba, kondoo elfu kumi na nne. Ngamia elfu tatu, ngamia elfu sita. Ng'ombe jozi mia tano, jozi elfu moja. Punda mia tano, punda elfu moja. Chini yake: watoto kumi, watoto kumi. Hakuna kingine. Nikasema shemeji yangu kichwa kimemtoka, anahesabu punda wa watu waliokufa zamani, na binti yake huko aliko hajala. Sikuweza kukutumia hiyo. Nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikaketi siku mbili nikaandika kurasa sita, kwa mwandiko wake ninaoujua kuliko wangu. Niliandika kile ambacho watu waliniambia mimi nilipofiwa na mke wangu, kwa kuwa sikujua kingine. Mimi mwenyewe hakikunisaidia, lakini nilidhani ni kwa sababu hakikuandikwa vizuri. Uzi wa kahawia ulikuwa umeniishia, nikashona kwa mweupe.

Lililonichelewesha kukujibu si hilo. Ni hili. Nilipokwenda kumwona aliniuliza: "Karatasi ya mwisho imo?" Nikamwambia imo. Akafurahi, akaniambia sasa tungoje jibu lake. Alingoja siku thelathini na nne. Kila nilipoingia mlangoni aliitazama mikono yangu kama ina barua. Mama yako alikuwa amekaa pale, aliona yote, na ndicho kilichomfunga moyo juu yako: kwamba baba yako alikuandikia kwa nguvu zake za mwisho na wewe hukumjibu hata mstari. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yenu, ninajua, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka minne. Ulipouliza unajuaje kurasa zilizoongezwa, nilikujibu vizuri kuliko ilivyokuwa lazima. Labda nilitaka unikamate.

Ile karatasi ipo. Sikumdanganya. Katika kazi yetu karatasi haitupwi, inatumika kuimarisha jalada. Ilikuwa imekunjwa katikati, sikuikunjua, unene wake ulinifaa hivyo hivyo. Nimeibandika ndani ya jalada la nyuma, chini ya ile karatasi nyeupe ya kufunikia. Umekaa nayo muda wote huo. Ukitaka kuitoa, tumia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukiweke juu ya karatasi nyeupe muda wa kunywa chai, kisha inua kutoka kona kwa kisu butu, polepole. Penseli haiogopi maji.

Sijui kama utataka kuniandikia tena. Mimi nitakuwa hapa hapa.

Mjomba wako

6 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Neno hilo nimekaa nalo kabla ya kuliandika, lakini nimeliandika.

Sitakudanganya: nina hasira na wewe. Siku thelathini na nne. Natembea kwenda kazini nazihesabu. Kuna siku katika hizo nilikuwa nimekaa bure kabisa, natazama dirisha, na ningeweza kumwandikia. Umeninyang'anya hizo, na yeye pia. Na mama umemnyang'anya miaka minne. Jambo hili sijakusamehe na sijui lini, ila nikifika hapo nitakuandikia, sitakuficha.

Lakini ulipoandika kwamba ile karatasi ilikuwa imekunjwa, na hesabu iko kwa nje, nilisimama. Wewe hukusoma darasani kwake, Mjomba. Lile lilikuwa swali tu.

Nikachemsha maji. Nikaweka kitambaa, nikanywa chai yote ingawa ilikuwa ya moto, nikainua kona. Karatasi yako nyeupe ikaja na ubavu mmoja wa ile ya baba, ikafunguka kama mlango wa kabati. Gundi ilikuwa imeshika nje tu. Ndani palikuwa pakavu, na penseli imechimba mpaka karibu karatasi ipasuke. Nakunakilia yote, ni maneno machache:

"Mbona mifugo imezidishwa mara mbili na watoto hawakuzidishwa? Aliyeandika mwisho hakukosea hesabu. Kondoo aliyekufa amekwisha, unaleta mwingine. Mtoto haachi kuhesabiwa. Ukijumlisha wale kumi na hawa kumi, Mzee wa Kigae ana watoto ishirini, naye anajua. Mwanangu, ukiulizwa una watoto wangapi, usiseme huna. Nijibu kama nimepatia."

Amepatia, Mjomba. Nimemjibu kwa sauti, chumbani, na hakuna aliyesikia isipokuwa yale magazeti ya dirishani.

Miaka minne watu wananiuliza kama nina watoto nasema sina. Kazini nasema sina. Kwa daktari nasema sina, naye anajaza fomu. Kila nikisema hivyo nasikia kama nimemsukuma mwanangu nje ya mlango na kufunga. Juzi yule msimamizi wetu wa mmea wa plastiki aliniuliza, kwa mazungumzo tu, na nikasema ninaye mmoja, wa kike. Akaniuliza ana umri gani. Nikamwambia. Hakusema neno, akavuta kiti akakaa karibu nami mpaka muda wa kufungua maktaba ulipofika.

Kazi yangu nimeibadilisha. Bado nasema mwisho wa kile kitabu una mkono mwingine, uzi wake ni mweupe na hautanidanganya. Ila sisemi tena kwamba ni mwizi. Nimeandika kwamba huenda alikuwa mtu kama wewe, aliyeshindwa kukitoa kitabu kikiwa kinaishia majivuni, akatengeneza kila kitu kwa haraka na kwa huruma. Akapatia ng'ombe, akapatia ngamia. Alipofika kwenye watoto mkono ukamwambia hapana. Hapo ndipo alipokuwa mkubwa kuliko wewe, na mkubwa kuliko marafiki wote. Mwalimu amesema hilo nalo si ushahidi. Halafu akaniuliza kama anaweza kukaa na ukurasa huo mpaka kesho.

Mama ameshajua? Usimfiche tena kitu. Msomee barua hii yote, hata pale ninapokusema vibaya.

Mpwa wako

10 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa siku mbili tu, utaona najirekebisha. Bati limezibwa. Zile ndoo zimepata kazi nyingine.

Nilimsomea. Nilianza na barua yangu ya Agosti, niliyoibakizia nakala, kwa kuwa ilinipasa nianze nayo, kisha yako. Alisimama nilipofika siku thelathini na nne, akaenda dirishani, nikasubiri. Kisha akaniambia niendelee, na kwa sababu simsikii alinipigia meza kwa kiganja. Nilipomaliza hakunitazama. Ameninyima mazungumzo siku kumi na moja, nakula peke yangu kama mpangaji, na sijalalamika kwa kuwa ni haki yake. Siku ya kumi na mbili alikuja karakanani, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba ule wa kwanza, wa mwanao. Alipanda ngazi zote bila kusimama kutazama maua. Akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Mkononi alikuwa na shati la shemeji. Alikuwa amelikunja chini ya mto wake miaka yote hii, halijafuliwa, na vipande vya karatasi bado vimo mfukoni. Amevihesabu. Anataka uvikute.

Nami nimejaribu kufikiri nikuambie nini cha kumalizia. Nimekaa hapa na kalamu, na kila neno linalonijia ni la namna ile ile ya kurasa sita. Kwa hiyo naacha hapa, haijaisha, na naipeleka posta hivyo hivyo. Uzi mweupe nimeugawa.

Mstari ulio hapa chini si wa mkono wangu. Safari hii nakuambia mapema.

Mjomba wako

*Jana kliniki mwuguzi aliniuliza nina wajukuu wangapi, nikamwambia mmoja. Njoo nyumbani.*